Mlango wa Pini Tisa

Asubuhi ile tulipoambiwa tuhame Goma, kwa sababu mlima ulikuwa umekwisha kutema moto na ardhi haikuacha kutikisika, kila mtu alibeba kile alichoona hatakipata tena. Jirani mmoja alibeba godoro. Fundi wa dekoda za televisheni wa ng'ambo ya barabara alibeba televisheni ya mteja, maana aliogopa maneno ya mteja kuliko volkano. Mimi nilifunga mgongoni kwa kitenge, pale anapokaa mtoto, sanduku la chuma lenye ukubwa wa boksi la viatu, nikatembea nalo kutoka Ndosho kuelekea Sake pamoja na mji mzima.

Karibu na Mugunga mama mmoja mzee asiyenijua alinifuata nyuma kitambo, kisha akauliza kama huyo mutoto ni wa kiume ao wa kike, na mbona halii. Nilimjibu kwamba ni muzee, amelala. Watu waliotuzunguka wakacheka. Nilimsikia mmoja akinong'ona kwamba huyu moshi umemwingia kichwani. Sikugeuka. Nilikaza fundo la kitenge nikaendelea.

Sanduku lenyewe ni kipimo cha antena. Nilipewa na mwalimu wangu wa ufundi, mpenzi wa redio ambaye kila jioni alizungumza na watu wa nchi za mbali kwa kupenda tu, bila mshahara wala biashara. Alipozeeka, asiweze tena kupanda juu ya paa, alinikabidhi. Kazi yake naweza kukueleza hata kama hujawahi kushika redio. Waya wa antena ni kama uzi wa gitaa: urefu wake ndio unaoamua sauti yake. Ukiilazimisha redio kusemea kwenye waya wenye urefu usiofaa, nguvu haitoki, inarudi nyuma, na mwishowe inaiunguza redio yenyewe. Sanduku langu hutuma nguvu ndogo sana, isiyoweza hata kuvuka ua, kisha husikiliza ni kiasi gani kinarudi. Kile kinachorudi ndicho antena imekikataa. Kompyuta hupokea hesabu hizo na kuchora mstari unaoshuka na kupanda kama bonde. Chini ya bonde ndipo antena inapokubali. Basi, umeelewa. Wengine wanakaa darasani mwaka mzima kwa ajili ya hilo.

Ila sanduku hilo halina uso. Halina kioo wala namba zinazowaka. Nyuma yake kuna mlango mmoja tu: pini tisa katika safu mbili, juu tano na chini nne, kama meno ya mtoto. Yote linayoyajua hutoka kupitia meno hayo.

Tuliporudi kutoka Sake nilikuta nyumba yangu imesimama. Lava ilikuwa imesimama upande wa pili wa mji. Lakini kule kutikisika kulikuwa kumeangusha rafu ya karakana, na kompyuta yangu ya zamani, ile nzito yenye mlango wa pini tisa mgongoni, ilikuwa chini, imepasuka. Mdogo wangu anayefanya biashara Butembo akanihurumia, akanitumia kompyuta mpya ya kubeba, nyembamba kama sahani. Niliigeuza juu, chini, pembeni. Ilikuwa na matundu mawili madogo ya USB na tundu la chaja. Mlango wa pini tisa haukuwepo.

Nilikaa nayo mapajani nikahisi hasira ambayo sikuitegemea. Mahali fulani watu walikuwa wamekaa mezani wakaamua kwamba ule mlango wakati wake umepita. Hawakuniuliza. Hawakumwuliza mtu yeyote ambaye bado ana kitu kizima kinachosema kwa njia hiyo. Nimezaliwa katika mji ambao umeambiwa mara nyingi kwamba umekwisha, na kila mara sisi wenyewe tumekataa, tumejenga juu ya lava ikiwa bado ina joto. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kitu kizima ni cha kutupa, damu yangu inapanda kabla hajamaliza.

Na waliniambia. Fundi wa dekoda ndiye aliyekuwa bingwa wao. Kila nilipopita mbele ya kibanda chake aliita, "Mama enjenyeri, ile chuma yako uiuzishe kwa kilo!" Wateja wake walicheka. Nilimjibu kwamba siku nitakapoiuza, yeye ndiye atakayebeba mizani.

Sanduku likakaa bubu kwenye rafu. Kisha vita vikashuka.

Sitaeleza vita. Wanaovijua hawahitaji, na wasiovijua wameshaelezwa na watu wengi wasiokuwepo. Nitasema tu kwamba watu wa Kibumba walishuka na mbuzi wao na masufuria yao, wakajaa kando ya barabara, na kwamba nguzo za simu za upande ule zilinyamaza moja baada ya nyingine, mpaka ukipiga simu huko unajibiwa na yule mwanamke wa mtandao mwenye sauti tamu.

Katika parseli yetu, yaani ua mmoja na mimi, aliishi mama mmoja wa familia ya Kibumba, aliyekuwa akiuza vitunguu vya majani na kabichi kutoka huko kabla barabara haijafungwa. Ndugu zake wote walishuka. Mama yake mzazi hakushuka. Aliwaambia kwamba amekimbia vya kutosha katika maisha yake, na kwamba viazi havijui habari za vita, siku yake ya kuchimbwa ikifika imefika. Walimwacha mlangoni mwa nyumba yake, kwenye mlima ulio juu ya barabara. Tangu hapo hakuna aliyejua kama yuko hai.

Jirani yangu hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu. Alifua, alipika, alisalimia. Lakini siku moja nilimkuta anashona mkanda kwenye mfuko wa kubebea mgongoni, nikajua. Nilimwuliza anakwenda wapi.

"Naenda kumuchukua mama," alisema. "Nikifika siku ya Mungu sijasikia sauti yake, natoka asubuhi kwa miguu. Napita kwenye mashamba."

Nilimwambia kwamba mashambani ndiko wanakopigana, na kwamba wawili waliojaribu njia ile wiki iliyopita hawajarudi wala kufika.

"Nimesikia," alisema, na uzi akaukata kwa meno. "Na wewe kama ungekuwa na mama kule, ungefanya namna gani?"

Nilikuwa na sanduku tu.

Maana kulikuwa na njia moja. Kwenye kituo cha afya cha mlima ule kulikuwa na foni, ile redio ya masafa ambayo huku kwetu watu wametumia tangu zamani kabla ya simu, kutuma salamu, kuagiza dawa, kutangaza msiba. Muuguzi wa pale alikuwa amebaki na wagonjwa wake, na foni yake ilikula umeme wa jua. Parokia yetu nayo ilikuwa na foni, na mzee katekista ndiye aliyeisimamia. Kila asubuhi, katika muda mfupi ambao wakubwa wa usalama walituruhusu kutumia foni, katekista alimsikia muuguzi kwa mbali akiita, akiita. Alimjibu. Muuguzi hakusikia. Aliendelea kuita kama mtu anayegonga nyumba ambayo wenyewe wamo ndani.

Nilikwenda nikatazama antena ya parokia, nikaelewa. Ilikuwa imefungwa juu sana, kwa ajili ya kuzungumza na watu wa mbali, Kisangani na kwingine. Antena ya juu hurusha sauti kwa mlalo. Inapita juu ya milima ya karibu na kwenda kuanguka mbali. Tena urefu wa waya ule haukufaa masafa ya muuguzi: tulisikia kidogo, lakini tuliposema nguvu ilirudi nyuma. Kwa jirani wa nyuma ya mlima unahitaji kinyume chake: waya ulio chini, unaosukuma sauti wima mpaka juu kabisa angani, nayo ikirudi inanyesha kama mvua juu ya kila kitu kilicho karibu. Basi tuushushe waya. Lakini waya ukishushwa hubadilika, kwa kuwa ardhi inaukaribia, na masafa ya kusemea na watu wa karibu yanadai waya mrefu zaidi. Ni lazima urefu utafutwe upya.

Fundi mwingine angesema washa redio, jaribu, rekebisha, jaribu tena. Hatukuweza. Wakubwa wa usalama walikuwa wamekataza majaribio hewani. Mlio wowote usioeleweka ungetufungia foni moja kwa moja. Tena redio ya parokia ilikuwa imewahi kuungua kwa antena mbaya, na vipuri vya nguvu vilivyokuwa ndani yake ndivyo vya mwisho tulivyopata. Ilitakiwa kupima bila kusema. Na chombo pekee cha kupima bila kusema nilichokijua katika mji wetu kilikuwa kwenye rafu yangu, kizima, bubu, kwa kukosa tundu.

Nilimwambia jirani yangu anipe mpaka hiyo siku ya Mungu, Jumapili. Akasema sawa, lakini mfuko hataufumua.

Niliingia sokoni Birere kutafuta kebo. Zipo, kebo za kutafsiri: upande mmoja USB, upande wa pili pini tisa, na katikati kijipande cha akili kinachogeuza lugha hii kuwa ile. Nilipata moja kwa muuzaji wa vipuri vya simu, ndani ya pakiti iliyochanika. Niliichomeka. Kompyuta ikaiona, ikaikagua, ikaikataa. Ikaandika kwamba kifaa hiki si halisi. Nilicheka peke yangu. Ilikuwa kama polisi wa barabarani anayekusimamisha, gari linatembea, breki zinashika, taa zinawaka, lakini karatasi haimpendezi. Kebo ilikuwa nzima. Ilikuwa tu imezaliwa katika kiwanda kisicho na ruhusa, na wenye jina walikuwa wameifundisha programu yao kuwakataa watoto wa nje.

Kama jambo hili limekupata, usiitupe kebo yako. Programu ya zamani, ya kabla hawajaifundisha ukali huo, bado hufanya kazi. Nilikuwa nayo kwenye diski ya kale, nikaitia, nikaikataza kompyuta isijisasishe. Polisi akapisha.

Kisha nikakumbuka jambo la pili ambalo huwasumbua wengi. Katika zile pini tisa, moja ni mdomo na moja ni sikio. Ukiunganisha kila pini na mwenzake wa namba ile ile, mara nyingine unaweka mdomo kwa mdomo na sikio kwa sikio, na pande zote mbili hunyamaza na wewe unadhani vyombo vimekufa. Nilikata, nikapishanisha nyaya mbili, nikafunga. Sasa mdomo ulielekea sikio.

Na hapo nikafanya kile ambacho fundi yeyote wa Goma angefanya. Kwingine duniani fundi akitaka waya wa ardhi hupigilia fimbo ya chuma chini, kwenye udongo wenye unyevu. Sisi tunaishi juu ya jiwe. Fimbo inapinda, nyundo inarudi usoni. Kwa hiyo tuna desturi yetu: waya wa ardhi tunaufunga kwenye mabati ya paa. Nimefundishwa hivyo, nimefundisha hivyo, na katika avenyu nzima ya mtaa wetu hakuna chombo ambacho hakikufungwa hivyo. Nilifunga sanduku kwenye mabati. Kompyuta nayo niliichomeka kwenye jenereta ya jirani wa tatu, ambayo sote tulijiungia.

Kebo ilitoa moshi mwembamba, mweupe, wenye harufu ya ukucha unaoungua. Haukudumu hata muda wa kuguna.

Nilikaa chini nikafikiri badala ya kulaani. Mabati ya nyumba zetu yanagusana, paa kwa paa, kutoka kona hadi kona, na nyaya za watu hupita juu yake kila upande. Mahali fulani waya ulikuwa umechubuka ukalilamba bati. Paa letu halikuwa ardhi. Lilikuwa chombo cha umeme kilicholala juu ya vichwa vyetu, na kwa miaka yote tulikuwa tukilitegemea kwa sababu hapajawahi kupita kati yake na kitu kingine waya mwembamba kiasi cha kutuambia ukweli. Kebo ile ilitueleza kwa kufa. Nilipanda nikafungua waya wangu kwenye bati, na tangu siku hiyo sijafunga tena.

Birere hapakuwa na kebo nyingine. Barabara zilikuwa zimefungwa na mizigo ilikuwa haiingii. Nilijua ni nani mwenye kebo katika Ndosho nzima, na nilijua nitakachosikia nikienda. Mafundi wa dekoda hutumia kebo ya namna ile ile kuzifufua dekoda zilizokwama.

Fundi wa dekoda alinisikiliza hadi mwisho, mikono ikiwa kifuani, wateja wake wakiwa wamekaa kwenye benchi kama baraza.

"Kwa hiyo chuma ya kilo inataka kuongea," alisema.

"Inataka. Imekosa tu mutu wa kuisikiliza."

"Na kebo yako imekwenda wapi?"

Nilimweleza. Benchi lote likacheka, na mimi pia, maana ilikuwa haki yao. Lakini yeye hakucheka. Alisema ile kebo ndiyo inayomlisha, ikiungua leo kesho hana kazi. Tena ni ya aina nyingine, akanionyesha: inasema kwa sauti ndogo, umeme wa chini, wakati sanduku langu la zamani linapiga kelele kwa umeme mkubwa. Likiipigia kelele masikioni itakufa kama ile ya kwanza. Alikuwa na haki katika yote mawili, nikamwambia hivyo.

"Ndiyo maana hakuna waya wangu hata mmoja utakaogusa kebo yako," nilisema. "Vitaongea bila kugusana."

"Kwa njia gani? Kwa maombi?"

"Kwa mwanga. Nipe zile chaja zako zilizokufa."

Katika mji wetu umeme huja kwa hasira na kuondoka kwa hasira, kwa hiyo chaja za simu zilizoungua zinajaa katika kila kibanda. Alikuwa na ndoo nzima. Nilipasua moja mbele yake nikamwonyesha kitu ambacho huwa kizima hata chaja ikifa: kidude cheusi chenye miguu minne, kidogo kuliko punje ya hindi. Upande wake mmoja, ndani, kuna taa. Upande wa pili kuna jicho linaloitazama taa hiyo. Kati yao hakuna waya, kuna nafasi tu. Taa ikiwaka jicho linaona, taa ikizimika jicho halioni, na umeme wa upande huu hauna njia ya kufika upande ule. Unaweza kupiga kelele kwenye taa kadiri unavyotaka. Jicho litajibu kwa sauti yake lenyewe. Vidude viwili, kimoja cha kwenda na kimoja cha kurudi, na tumemaliza shida zote mbili kwa mara moja.

Alikichukua akakigeuza kwenye kiganja. Alikuwa amekwisha kutupa ndoo ngapi za chaja, aliuliza, bila kumwuliza mtu. Kisha akawafukuza wale wa kwenye benchi, akasogeza dekoda zake, akaniwekea chuma cha kulehemu.

Tulifanya kazi pamoja siku ile na nyingine. Mkono wake ni mzuri kuliko wangu, nilimwambia, na bado nasema. Mara ya kwanza tulipata takataka: herufi zisizo na maana zikimwagika kwenye kioo. Alitaka kukata tamaa. Nikamwambia takataka ni habari njema, maana yake mdomo umefika sikioni, ila wanaongea kwa mwendo tofauti. Jicho la chaja halikuumbwa kwa mbio. Likimulikwa haraka mno hubaki likiona taa ambayo imeshazimika. Nyuma ya sanduku kuna swichi ndogo za kupunguza mwendo. Nilipunguza, nikaiambia kompyuta nayo ipunguze. Sanduku nililipa umeme kutoka betri ya pikipiki, na kompyuta ikatumia betri yake. Tukajaribu tena.

Hesabu zikaanza kushuka kwenye kioo, safi, mstari chini ya mstari. Kisha programu ikachora bonde.

Fundi wa dekoda akasema, "Mama, hii chuma tusiiuzishe." Aliposema tusiiuzishe, wingi ule niliusikia.

Ijumaa tulikwenda parokiani naye. Tulishusha waya, tukauning'iniza kwenye miti miwili ya mikaratusi, chini kiasi ambacho mtu mrefu angeugusa kwa ufagio. Mzee katekista alizunguka chini yake akiwa hana raha. Alisema hiyo si antena, ni kamba ya kuanikia nguo, na kwamba masista wakiiona wataleta mashuka. Nilimwomba awaambie masista wangoje mpaka Jumatatu. Tuliongeza waya pande zote mbili, mrefu kupita kiasi kwa makusudi, kisha tukapima. Bonde lilikuwa mbali upande wa kushoto. Sikukata. Waya uliokatwa haurefuki tena, na hatukuwa na mwingine. Nilikunja ncha kidogo, nikapima, bonde likasogea. Nikakunja upande wa pili, likasogea. Mvua ilianza, fundi wa dekoda akaifunika kompyuta kwa koti lake na yeye akalowa. Tulikunja na kupima mpaka chini ya bonde palipokaa pale pale kwenye masafa ya muuguzi. Hewani hatukuwa tumetoa hata sauti moja. Wakubwa wa usalama wangeweza kusikiliza siku nzima na wasisikie kitu isipokuwa mvua.

Jumamosi, muda wetu ulipofika, muuguzi aliita kama kawaida yake. Katekista akabonyeza, akajibu kama alivyojibu asubuhi zote. Tukangoja. Kisha sauti ikatoka, karibu kabisa, kama mtu aliye chumba cha pili:

"Nawapata. Nawapata muzuri. Lakini mulikuwa wapi siku zote hizi?"

Katekista akanisogezea kipaza sauti. Nilisema tulikuwepo. Nilitaja dawa alizoomba, nikazirudia ili ziandikwe, kisha nikamwuliza kuhusu mama mzee wa nyumba ya juu ya barabara, anayelima viazi. Alisema nyumba yake iko upande ambao hajafika tangu juma lililopita, kwa sababu ya risasi. Atatuma mtu. Akipatikana, ataletwa kituoni kesho kwa saa hii. Alisema akipatikana, na jirani yangu aliyekuwa amesimama mlangoni alilisikia neno hilo kama mimi.

Jumapili alikuja na mfuko mgongoni, viatu vya kutembelea miguuni. Hakukaa. Chumba cha foni kilikuwa kimejaa watu, kwa sababu habari ilikuwa imeenea, na kwenye foni hakuna siri: anayesema na anayesikia wako katikati ya watu, pande zote mbili. Ndiyo maana wenyeji wa foni hujifunza kusema mambo ya nyumbani kwa kuzunguka. Tena tulikuwa tumeamriwa tuongee Kiswahili au Kifaransa tu, ili wanaotusikiliza waelewe. Yule mama mzee Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia viazi.

Muuguzi aliita. Akasema niko na mtu hapa. Kisha kukawa na kukwaruza, mtu akielezwa mahali pa kusemea, na sauti ya mwanamke mzee ikajaa chumba, kali:

"Ni nani anasumbua watu siku ya Mungu?"

Jirani yangu alishika meza. Nilimwekea kipaza sauti mkononi na kumbonyezea.

"Mama, ni miye. Uko muzima?"

"Niko. Viazi viko. Mbuzi moja imekufa. Wewe unakula?"

"Nakula. Mama, nakuja kukuchukua. Nakuja leo."

Kimya. Nilidhani tumepoteza masafa, nikatazama sindano ya redio. Haikuwa hivyo. Alikuwa anatafuta maneno katika lugha ya sokoni.

"Sikiliza," ilisema sauti. "Ile barabara usiipite. Ukiipita, ukifika, sifungui mulango. Utalala inje na mbuzi. Mimi nimekaa hapa kwa kupenda kwangu. Hakuna mutu alinisahau hapa. Unasikia?"

Watu waliguna chumbani, wengine kwa kicheko. Jirani yangu hakucheka. Alisema kwamba hawezi kumwacha, kwamba watu wanasema nini juu yake, kwamba nyumba ina nafasi. Mama yake akamkatiza, jambo ambalo kwenye foni haliwezekani, maana mmoja akibonyeza mwingine hasikiki, lakini jirani yangu alipoachia kuvuta pumzi tu, muuguzi alimbonyezea mama kabla ya zamu yake. Nadhani naye alikuwa upande wake. Mama mzee alisema watu waseme. Alisema ataondoka siku atakayotaka mwenyewe, kwa miguu yake, na siyo kwa sababu ya kufukuzwa na watoto wenye bunduki. Kisha akauliza kama vitunguu vinauzwa bei nzuri huko, maana anavyo vingi.

Katekista alionyesha saa ukutani. Muda wetu ulikuwa unakwisha. Jirani yangu aliona, akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe, bila msaada wangu.

"Mama, kesho saa hii ukuwe hapo. Bado sijamaliza kugombana na wewe."

"Nitakuwa," ilijibu sauti. "Ulete maneno mengine. Haya ya leo ni ya bure."

Muuguzi akafunga. Jirani yangu alikaa kwenye benchi, mfuko ukiwa bado mgongoni, akaniuliza kama antena ile itashika kesho vile vile, hata mvua ikinyesha. Nilimwambia mvua haiidhuru, nikamwonyesha kwenye kioo ni wapi bonde lilipo na jinsi ya kujua likisogea. Aliangalia kwa makini, akauliza maswali, nami nikamjibu moja baada ya jingine, mpaka alipoelewa.